Ndoo ya Angus

Baba mkwe wangu, Fergus Gilfedder, ana kichwa kigumu kuliko nguzo ya uzio. Maisha yake yote kafuga kondoo hapa mkoani Southland, na maonyesho ya kilimo hayaishi bila yeye kurudi na utepe mwekundu wa mshindi. Ukimuuliza kamlisha nini kondoo wake, atakujibu, "Majani tu." Mwongo mkubwa! Lakini huku kwetu nani anatoa siri ya ndoo yake ya chakula?

Mwaka huu mume wangu, Craig, akaamua tubaki na madume wenye mbweu chache, maana gesi ya mbweu za kondoo inazidisha joto duniani. Atakayezidi, machinjioni. Mzee akanywea. Dume lake, Angus, alilelewa kwa chupa jikoni na marehemu mama mkwe.

Mpimaji akaja na masanduku yake. Kondoo anafungiwa humo, gesi anayoitoa inapimwa. Angus akawashinda wote kwa gesi! Mpimaji akashangaa, "Mzee, umempa chakula cha ziada?"

"Majani tu."

Basi, lori likaja. Dereva alikuwa Desmond, hasimu wa mzee kwenye maonyesho tangu ujana. Angus akapakiwa. Mzee akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi sielewi. Nilimshibisha wiki nzima, nikamchana manyoya, nikamsugua kwato. Kosa langu nini?"

"Ulimshibisha?" Nikapaza sauti. "Baba jamani! Kondoo akila sana ndiyo anapiga mbweu sana! Wenzake walikula malisho ya kawaida. Mwambie Craig ulichomlisha, Angus apimwe upya!"

"Mbele ya Desmond?"

"Mbele ya Desmond!"

Akamtazama Desmond, akamtazama Angus. Craig alishaanza kufunga mlango wa lori.

"Majani ya lusini," mzee akasema. "Na molasi. Na shayiri iliyolowekwa kwenye chai baridi."

Desmond akadakia. "Chai! Miaka yote hiyo, Fergus, chai?"

"Ya mke wangu," mzee akasema, machozi yanamtoka. "Alinifundisha kutumia iliyobaki kwenye birika."

Craig akafungua mlango, akamteremsha Angus. Mzee akamshika dume lake pembeni ya shingo, mwenyewe bado kachanganyikiwa.

"Kwa hiyo safari hii," akaniuliza, "nimnyime chakula?"