Siku Gari Langu Kuukuu Lilipotupatia Mjomba

Gari langu la kwanza nililinunua Geita, mtaa wa Kalangalala, kwa mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa ameshapata jingine jipya zaidi. Mimi ni fundi cherehani wa Shinyanga mjini. Nilikuwa nimeshona sare za shule na za kwaya miaka mingi huku nikiota gari kubwa, la juu, lenye tairi la spea mgongoni. Hilo sasa lilikuwa mbele yangu, limeoshwa mpaka linang'aa.

"Injini haijafunguliwa tangu itoke Japani, mama," alisema yule bwana. "Na AC inagonga kama friji."

Nikalizunguka, nikagusa boneti, nikajikuta nacheka peke yangu. Fundi magari niliyepaswa kwenda naye alikuwa msibani, na mimi sikuwa na subira. Nikalichukua. Kabla sijafika Kahama nikajua kwamba kilichokuwa kinagonga si AC. Ni bushi za mbele.

Fundi wangu alipolipandisha kwenye jeki alikaa chini yake muda mrefu, kisha akatoka anajifuta mikono. "Mama, gari ni zima," akasema. "Ila lina umri." Tukabadilisha bushi, shokapu zikaanza kuvuja. Tukatibu shokapu, alteneta ikazimika. Mafuta lilikunywa kama ng'ombe aliyefika lamboni baada ya kiangazi. Kioo cha upande wa dereva kilikataa kushuka, milango ya nyuma ilifunguka kwa nje tu, na honi ilikuwa na tabia yake: kila nikikata kona ya kulia, inapiga yenyewe. Magauni yote ya harusi niliyoshona mwaka ule yaliishia chini ya boneti. Lakini nikipanda, nikakaa juu vile na kuyatazama mapaa ya magari madogo, moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtoto aliyevaa viatu vipya.

Ndipo mdogo wangu akapata mchumba wa Ushetu, na ndoa ikapangwa kufungwa kanisani kwa akina mume. Mdogo wangu akasema hapandi gari la kukodi wakati dada yake ana la kwake. Tulilala Kahama kwa shangazi, na asubuhi tukalipamba kwa riboni na maua. Mama akakaa mbele. Nyuma akakaa bibi harusi na msimamizi wake, katikati ya katoni za maji ya kunywa ya wageni. Gauni nililishona mwenyewe, lenye mkia mrefu uliojaza kiti chote.

Barabara ya vumbi kule ina kona nyingi, na nyingi ni za kulia. Kila kona, piiii! Watu walidhani tunashangilia. Wanawake waliokuwa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku waliacha kazi wakapiga vigelegele, watoto wakakimbia nyuma yetu kwenye vumbi. Bibi harusi akawa anapunga mkono kama malkia.

"Mwanangu, punguza hiyo honi, tunaonekana tuna majivuno," mama akasema.

"Si mimi, mama, ni kona!"

Hapo ndipo tulipocheka mpaka nikasahau kutazama mshale wa joto. Kwenye kilima kimoja tukasikia pwaa! Mvuke mweupe ukafunika kioo chote cha mbele.

"Moto! Tokeni!" mama akapiga kelele, na yeye ndiye aliyetoka wa kwanza. Nikazunguka mbio kuwafungulia wa nyuma. Mdogo wangu akaruka chini, ameukumbatia mkia wa gauni kama anaokoa mtoto mchanga. Nilipofungua boneti nikauona mpira wa juu wa rejeta umepasuka, umeachama kama mdomo wa kambare.

Baiskeli ikatokea upande wa pili. Aliyeiendesha alikuwa mtu mzima, amekunja mguu mmoja wa suruali usinaswe na cheni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma, kisha akainama chini ya boneti. "Hapa panataka tyubu."

Kabla sijauliza tyubu ya nini, akaipindua baiskeli yake miguu juu, akachomoa tyubu ya gurudumu la nyuma, akaichana vipande virefu kwa kisu.

"Baba, sasa wewe utakwendaje?"

"Si mnakwenda harusini? Na mimi nakwenda."

Tukasubiri injini ipoe. Tukaufunga ule mpira, yeye anavuta, mimi nazungusha, na nilishukuru kwamba mikono yangu imezoea kukaza nyuzi. Maji ya wageni tukayamimina yote kwenye rejeta, isipokuwa chupa aliyoificha mama. Baiskeli tukaifunga juu ya gari kwa riboni za harusi, naye akajibana nyuma kando ya msimamizi.

Fundi wangu aliwahi kuniambia kwamba gari likitaka kuchemka, washa hita, litoe joto kwa ndani. Nikawasha. Basi tukaenda hivyo, jua la Ushetu nje, hita ndani, kioo changu hakishuki. Poda ya bibi harusi ikaanza kushuka shingoni. Wanja ukafuata. Msimamizi alimpepea kwa kipande cha katoni huku mwenyewe akitiririka. Nilimwangalia mdogo wangu kwenye kioo nikiogopa analia. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatetemeka, ndipo yule baba wa baiskeli naye akaangua kicheko, na mama, aliyekuwa amenuna, akashindwa.

Tuliingia uwanja wa kanisa kwa kona ya kulia. Honi ikatutangaza, matarumbeta yakaitikia, tukasimama tunafuka moshi. Mzee wa upande wa bwana harusi akatufuata.

"Karibuni sana. Mjomba wa binti ni yupi, tumpe kiti chake?"

Tukatazamana. Mjomba wetu alikuwa kitandani kwake Songwa, malaria imemlaza tangu juzi. Mama hakupepesa jicho. "Huyu hapa," akasema, akimshika mkono yule baba. "Kaka yangu."

Yule baba akakohoa. Akashusha ule mguu wa suruali. "Mimi ndiye," akasema.

Walimfunga tai, na ndoa ilipokwisha kufungwa wakamketisha meza ya mbele ukumbini, wakamletea paja zima la mbuzi. Wakati wa nasaha ukafika, naye akaitwa. Nikamshika mama mkono. Alisimama taratibu, akawatazama maharusi.

"Wanangu," akasema, "ukimwona mwenzako anachemka, usikimbilie kumfungua kifuniko. Atakuunguza. Kaa kando, subiri apoe, halafu mpe maji kidogo kidogo."

Ukumbi ulilipuka. Wazee walipiga meza, mchungaji alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Ngoma ilipoanza, huyo mjomba wetu mpya alicheza kuliko sisi wote.

Asubuhi yake, gari likiwa limewaka kwa kusukumwa na wakwe, tulimrudisha kwake na tyubu mpya tuliyonunua njiani. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya nyumba, mikono kiunoni. Akaliangalia gari. Akaiangalia tai ya mumewe, na nyama iliyofungwa kwenye mfuko.

"Jana asubuhi nilikutuma chumvi," akasema. "Iko wapi?"

Yule baba akaanza kuvua tai. Mama akashuka akamwendea mwanamke mwenzake, akampa mkono kwa heshima zote.

"Wabeja, mayu," akamshukuru. "Usimgombeze. Jana mumeo ameniozea binti."

Mwanamke akatutazama mmoja mmoja, kisha kicheko kikampata, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Alipoweza kusimama aliingia ndani, akarudi na ungo wa karanga za kuchemsha.