Maji Yetu Yamekwenda Kazini

Mpaka leo nikisikia harufu ya saruji mbichi, koo hunikauka. Wengine huipenda, wanasema ni harufu ya maendeleo. Mimi hunirudisha nyumbani kwetu Kisarawe, kwenye kiangazi kimoja nilipokuwa darasa la nne, wakati mlima wote ulinuka moshi wa maganda ya korosho na vumbi jekundu lilikaa juu ya majani ya mihogo mpaka ukasahau rangi yake. Chini ya shamba letu, bondeni, palikuwa na kisima alichokichimba babu, mzaa baba, kwa mikono yake. Maji yake yalikuwa baridi, yenye ladha ya mizizi. Pembeni mama alilima mchicha, na mchicha huo aliouuza stendi kila jioni ndio uliotuvisha na kutupeleka shule. Baba alikuwa na mikorosho, lakini mikorosho ilikuwa imegoma kuzaa misimu miwili mfululizo, naye akaanza kuitazama ardhi yenyewe kwa jicho jingine.

Mnunuzi alitoka Dar es Salaam. Alikuwa mfanyakazi wa ofisini, mpole, aliyechoka kupanga nyumba za watu, na siku ya kupimiwa kiwanja alituletea sukari na mkate. Kwetu wakati huo viwanja vilipimwa kwa hatua za miguu, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza hatua hizo ni za nani. Asubuhi baba alikuwa ameshapita peke yake, akahesabu kwa miguu yake mifupi, akachomeka kijiti mahali kiwanja kitakapoishia, juu kidogo ya mchicha. Mama alimwuliza, "Kisima kiko nje?" Baba akajibu, "Kiko nje, Mama Mwanahawa. Nimepima mwenyewe." Mwanahawa ni mimi, kifungua mimba wao.

Lakini mnunuzi alikuja na dalali, kijana ambaye stendi nzima ilimwita Twiga, ingawa kwake urefu ulikuwa miguuni, si shingoni. Baba akamkaribisha apime yeye, kama mtu anavyompa mgeni kiti kizuri. Twiga akakunja suruali, akaanza kuhesabu hatua zilezile, akishuka bondeni. Alikipita kijiti cha baba bila kukiona. Akaupita mchicha. Aliposimama, kisima kilikuwa nyuma ya visigino vyake. Mama, aliyekuwa ameshika birika la chai, alisema polepole, "Baba Mwanahawa, hiyo ni miguu ya nani?" Baba hakumtazama. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tena. "Tusigombanie hatua mbele ya mgeni." Kwa watu wetu, kubishana na mtu aliyekwisha kunywa chai yako ni aibu kubwa kuliko hasara. Niliingiwa na hofu, ingawa sikujua naogopa nini.

"Kisimani chukueni tu maji, si tumeshakuwa majirani?" mnunuzi alisema, na nina hakika alimaanisha. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia. Matofali yakafyatuliwa, ukuta ukafika kiunoni, kifuani, ukapita kichwa cha baba. Kisha likaja geti. Mwenye geti aliondoka kabla ya jua kuchomoza ili asikwame kwenye foleni ya Gongo la Mboto, na alirudi sisi watoto tumeshalala. Kwa mazoea ya mjini, akitoka hufunga. Wanawake wa mtaa wakawa wanakaa na ndoo tupu kwenye kivuli cha ukuta. Siku moja nilimwuliza mama tutapata maji saa ngapi. Akanijibu bila kutabasamu, "Maji yetu yamekwenda kazini, mwanangu. Yakirudi tutayachota."

Mchicha ulikauka ndani ya ukuta, hata hatukuuona ukikauka. Kabla ya mvua za vuli mama alikuwa akimfulia nguo yule bwana. Siku za kufua aliachiwa ufunguo, na sehemu ya ujira wake ilikuwa ndoo za maji kutoka kisima cha baba mkwe wake. Baba akaanza kufuata njia ndefu kwenda msikitini ili asipite pale.

Sasa mimi ndiye mtu wa mjini. Nimepanga Kibaha, karibu na kituo cha Kwa Mathias, na ninaamka kabla ya adhana kuwahi basi la Dar es Salaam. Mshahara huishia kwenye nauli, kwenye kodi inayopanda kila mwenye nyumba akipaka rangi, na kwenye maji ya kununua. Kule kwetu mikorosho imekwisha, zimebaki kuta zinazotazamana. Siwezi kusema hatukupata kitu, maana tuna umeme na lami. Lakini mtaani kwangu simjui mtu anayeuona mtaa huo mchana, na kila mwaka tunasogea mbali zaidi.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilikwenda Dutumi kutafuta kiwanja. Muuzaji alikuwa bibi mmoja mchangamfu. Nyuma ya nyumba yake kijia kilishuka kwenye kisima. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kama kisima kimo kiwanjani. "Kiko nje, mwanangu," alisema. "Nimepima mwenyewe." Nikamwomba tupime upya kwa miguu yake, akacheka na kujipapasa goti. "Miguu hii imeshastaafu. Mwache kijana wako atembee." Nikamwambia dalali niliyekuja naye apige hatua fupi. "Dada, mbona unajipunja?" akauliza, lakini akatii, na kisima kikabaki nje. Nilishusha pumzi. Hapo ndipo nilipoona vijiti vipya vya kiwanja cha ng'ambo vimeshachomekwa hadi upande wetu wa kisima, na kisima kimo ndani yake.

"Na kile kiwanja, bibi?"

"Ameuza mdogo wangu," alisema. "Kachukua mtu wa mjini. Mpole sana, alituletea sukari."