Nembo Niliyoichora Al Thumama

Mimi sijui kuchukia nusunusu. Yule mtu nilimchukia kwa moyo wangu wote, na nitaeleza kwa nini, kisha uamue mwenyewe kama nilizidisha.

Tulikuwa walinzi Doha, wote wawili kutoka kaunti moja ya Kenya, tukilala kwenye kitanda kimoja cha ghorofa katika nyumba ya kampuni huko Al Thumama. Yeye chini, mimi juu. Mchana nililinda lango la jengo la makazi pale The Pearl, naye alilinda maegesho ya jengo la jirani. Serikali za kaunti ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kwetu, na kila Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, chumba kiligeuka bunge. Yeye alisoma madaraka ya kaunti kutoka kwenye simu kwa sauti ya mhubiri: zahanati, maji, masoko, shule za chekechea, hata leseni za mbwa.

"Mbwa nao wana leseni?" aliuliza Mzanzibari tuliyekaa naye chumba kimoja. "Nyie Wakenya mmeikatakata nchi vipande arubaini na saba, sasa mwatafuta kazi za kuvipa."

Tulicheka sana, lakini mimi niliamini. Niliona serikali ikishuka kutoka Nairobi hadi mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa miguu na kuuliza.

Kisha kaunti ikatangaza kwamba inatafuta mchoro wa nembo, itakayowekwa kwenye bendera, kwenye muhuri na kwenye magari yake. Mwananchi yeyote angeweza kuleta wake, mradi usifanane na ngao ya taifa. Sikusoma sana, lakini kuchora nilijua tangu utotoni. Na nilikuwa na sababu yangu. Miaka sita sikuwa nimerudi nyumbani. Baba alizikwa bila mimi. Watoto wa ndugu zangu waliniita "yule wa Qatar". Nilitaka kuwe na kitu kimoja kule kwetu ambacho mtu akiuliza kimefanywa na nani, litajwe jina langu.

Nilichora Ijumaa nne, nimekaa sakafuni, karatasi juu ya sanduku. Kilima, migomba miwili, na ng'ombe. Mzanzibari akasema ng'ombe wangu ana uso wa mudiri, yaani msimamizi wetu, na kweli alikuwa nao. Nikamfuta nikaweka kibuyu cha maziwa. Kibuyu kiliinama kidogo upande wa kushoto, nami nikakiacha hivyo hivyo.

Michoro ilipaswa kufikishwa ofisini kwa mkono. Mkataba wa huyu wa kitanda cha chini, wakati huo rafiki yangu, ulikuwa umeisha, anarudi nyumbani kabisa, kwa hiyo nikampa. Nyuma ya karatasi nikasaini kama nilivyosaini kila siku kitabu cha matukio pale langoni: namba yangu ya kazi, tarakimu nne, na saa. Jina sikuandika. Miaka sita hakuna aliyenihitaji kwa jina kazini, na mkono ukaandika ulichozoea. Wala sikugundua.

"Hii tumeshinda tayari, buda," alisema, akaiweka kwenye faili pamoja na vyeti vyake.

Miezi ilipita. Siku moja tukiwa kwenye basi la kampuni, nikaona picha kwenye Facebook. Yeye, amevaa suti, kando ya gavana, ameshika nembo mpya ya kaunti. Kibuyu kimeinama kushoto. Chini yake yameandikwa majina yake yote matatu.

Nilipiga simu mara tatu ndipo akapokea.

"Buda, nyuma kulikuwa na namba tu," alisema. "Karani akaniuliza ni ya nani. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia jina langu."

"Na wewe uko huko! Walitaka mtu wa kupanda jukwaani. Wacha kukasirika bana, si ni yetu sote?"

Nilikata simu. Nilitukana mpaka dereva akageuka kunitazama. Mtu aliyenichemshia uji nilipougua homa, aliyejua mambo ya mama yangu yote, alinichezea shere mbele ya kaunti nzima! Niliiandikia kaunti. Wakanijibu nilete ushahidi. Mzanzibari alikuwa tayari kuapa, lakini nani kule angemsikiliza Mzanzibari wa Doha? Basi nikaamua kwamba nikienda likizo nitasimama kwenye baraza la chifu, niseme yote mbele ya watu.

Kabla ya likizo mama akanipigia. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afe.

"Rafiki yako amekuja kuniona, na gari la kaunti. Siku hizi yuko idara ya maji. Amesema bomba litaletwa hadi hapa uani, kwa ajili yako. Mwanangu, sitashuka tena mtoni na huu mgongo."

Nilitaka kusema.

"Na hana majivuno," akaendelea. "Ile nembo ameichora yeye, lakini ameniambia wewe ulimsaidia kupaka rangi. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Nilipaka rangi."