Nyuzi Namba Kumi na Tatu

Siku ya kwanza kazini nilipewa fagio. Duka lilikuwa Makambako, karibu na pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na mwenyewe tulimwita Tajiri, kama wafanyakazi wote wa wakati ule walivyowaita wenye maduka. Alikuwa Mwislamu kutoka Tanga, mtu wa malori, aliyefika kwetu akailaani baridi mwaka mzima kisha akajenga nyumba. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nne, sikuficha. Akauliza kama namba nazijua. Nikasema nazijua.

"Basi Mama Tumaini, anza na fagio. Namba zitakuja."

Nawaandikia ninyi mnaouza magitaa siku hizi, na ninyi mnaoyapiga, kwa sababu nasikia bado mnaambizana ujinga uleule. Majuzi hapa Njombe nimemsikia muuzaji mzima, ana ndevu, akimwambia binti aliyekuja kununua kwamba vidole vitazoea. Niliondoka haraka nisije nikamtukana mtoto wa watu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Ghafla milango ikafunguliwa, maduka yakafurika vitu, hata vile ambavyo hakuna aliyejua kazi yake. Nyuzi za gitaa zilishuka kwenye treni kwa katoni. Zamani watu walifunga waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa wakamwimbia Mungu, na Mungu akasikia. Sasa kulikuwa na kuchagua, na kuchagua hakuna aliyetufundisha.

Mimi nilifundishwa na Fundi Mkuu. Alikuwa fundi peke yake pale dukani, lakini ukimwita Fundi bila Mkuu hakuitika. Alikaa chumba cha nyuma, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, na nilipomaliza kufagia niliingia kumshikia vitu. Nilichojua chote kilitoka mle.

Gitaa kavu, yaani lile lisilokula umeme, lina nyuzi sita. Mbili ni chuma kitupu, nne zimeviringishiwa shaba ili zinenepe na kutoa sauti ya chini. Kwenye pakiti kuna namba, na namba hiyo ni unene wa uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wenzake, wengine wanaufuata. Namba kumi hata mtoto anaibonyeza, ila inalia kama mbu, tumbo la gitaa halishtuki. Namba kumi na tatu sauti yake imeshiba kabisa, lakini inataka mkono wa mpasua mbao. Katikati ziko kumi na moja na kumi na mbili, na hapo ndipo watu wengi wanapaswa kukaa: kidole kinapumua na sauti inabaki na nyama.

Kuhusu shaba, ya njano inang'aa masikioni na kuchoka upesi. Nyekundu ina joto, na inauvumilia ukungu wetu wa Njombe vizuri zaidi. Zipo na zile zilizopakwa rangi tu zifanane na shaba. Hizo uziviringe kati ya vidole vyenye jasho. Rangi ikibaki kwenye ngozi, rudisha pakiti kwa mwenyewe.

Tena kabla ya kuulaumu uzi, angalia kimo. Kimo ni nafasi kati ya uzi na shingo ya gitaa. Kikizidi, hata uzi mwembamba utakukata. Fundi Mkuu aliuchomoa ule mfupa mdogo unaokaa kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, akausugua chini kwa msasa, akaurudisha, akajaribu, akausugua tena. Saa nzima kwa unene wa ukucha. Siku moja kwaya fulani ilileta gitaa la wamisionari, la nyuzi za nailoni, wamelifunga nyuzi za chuma kwa nguvu. Tumbo limevimba, daraja limeng'oka kama jino. Aliwafokea mpaka mzee wao wa kanisa akavua kofia.

Kanuni yake ilikuwa moja. Mteja asiulizwe anataka nini, apewe gitaa abonyeze kodi ya F. Kodi ni sauti kadhaa zinazobonyezwa pamoja, na ile ya F unalaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Uso wake ukijikunja, punguza namba au shusha kimo.

"Mteja anadanganya," aliniambia. "Uso haudanganyi."

Baada ya miaka mitatu Tajiri alifungua duka la pili Njombe, akanipeleka nikauze kaunta. Nilifurahi, nilikuwa narudi nyumbani, mtaa wa Mjimwema. Juu yangu aliwekwa Meneja, kijana aliyesomea biashara, mwenye tai shingoni hata Jumamosi. Gitaa hakuwahi kulishika. Na kwenye stoo ya Njombe alikuta katoni tatu za namba kumi na tatu ambazo Tajiri alizoa kwa bei ya chini kwa sababu hakuna duka lingine lililozitaka.

Sasa sikilizeni jinsi zilivyouzwa, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Watu wetu walitoka kwenye miaka ya vitu vibovu. Kila walichonunua waliuliza swali moja: kigumu? Sufuria ngumu? Betri ngumu? Walimaanisha kama itadumu. Wakija kwenye nyuzi wakauliza vilevile. Meneja aliliona neno hilo akalikamata kama mtu aliyeokota pochi.

"Mama Tumaini, akiuliza zipi ngumu, mpe kumi na tatu. Hujadanganya. Si ngumu kweli?"

Nikamweleza habari za kodi ya F na uso wa mteja. Akaniuliza kama nataka kurudi Makambako kwenye fagio. Nikanyamaza. Nasema wazi: nilinyamaza, na nilikuwa najua.

Katika wateja wa kwanza alikuja Mwalimu wa Kwaya kutoka Matembwe. Mwalimu hapo ni cheo cha kwaya. Shuleni hakufundisha, na gitaa pia hakupiga, alikuwa akipunga mikono mbele ya waimbaji. Aliongozana na binti anayeitwa Salome, mchuma chai, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wao. Msichana mpiga gitaa kanisani, wakati ule, lilikuwa jambo la kuandikiwa barua. Mchungaji aliruhusu kwa sababu mpigaji wa zamani alihamia Lupingu kuvua dagaa na hakupatikana mwingine. Mwalimu alisema wanajiandaa kwa shindano la kwaya za jimbo, kwa hiyo anataka nyuzi ngumu. Salome hakuulizwa. Nilifungua kabati, nikatoa kumi na tatu. Gitaa lao hawakuja nalo, nami sikumpa Salome la dukani abonyeze.

Wiki tatu baadaye Salome alirudi peke yake. Alisimama pembeni mpaka wateja wakaisha, akanisalimia "Kamwene, mama," akaweka mkono wa kushoto juu ya kaunta. Ncha za vidole zilikuwa zimepasuka, nyingine zimefanya usaha. Akauliza kama tunauza dawa ya vidole. Alisema Mwalimu amempa mpaka mwisho wa mwezi; akishindwa kodi zake, gitaa linakwenda kwa Danieli, mwanakwaya mwenzake.

Meneja alikuwa nyuma yangu anasoma gazeti. Nikamuuzia plasta. Nikamwambia avumilie, vidole vitakomaa. Hayo maneno yalitoka kwenye kinywa hiki hiki ninacholia ugali.

Mwisho wa mwezi gitaa likaenda kwa Danieli. Nililijua hilo kwa sababu Danieli mwenyewe alikuja nalo dukani, baba wa watoto wawili, mabega kama mlango, kazi yake kupasua mbao. Aliangalia barabarani kwanza. Kisha akainama kwenye kaunta kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu.

"Mama, zile zilizomo zinaniua. Nipe laini. Ila Mwalimu asijue."

Nikamuuliza amezipiga kwa muda gani. Siku nne. Salome alizipiga wiki saba.

Nikampa kumi na moja, shaba nyekundu, nikaushusha na mfupa wake kwa msasa. Nilikuwa na hasira hata msasa ukanichubua. Nilitaka kwenda Matembwe kesho yake kumweleza Salome, lakini Meneja alininyima ruhusa, na mimi bado nilikuwa naogopa fagio.

Shindano lilifanyika Njombe, kwa hiyo nilikwenda, na Jumapili hakuna meneja. Kwaya ya Matembwe iliimba vizuri. Gitaa lilisikika mpaka milangoni, lina joto, kila kodi safi. Salome alikuwa mstari wa nyuma, mikono ameificha ndani ya joho. Walipomaliza, mwamuzi akasimama kutoa maoni yake. Akalisifu gitaa. Akasema hapo ndipo unapoona tofauti, hivyo ndivyo vidole vya mwanaume. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wa Kwaya akapokea sifa kwa kichwa, na Danieli akaangalia viatu vyake.

Nilingoja mpaka chakula. Nilimfuata Mwalimu pale alipokaa na wazee na Mama Mchungaji, sahani yake mkononi, nikamwambia vidole vinavyosifiwa vimelala juu ya namba kumi na moja, na kwamba binti alipewa kumi na tatu akaambiwa hana mkono. Nikamwambia Danieli aseme. Danieli akasema, kwa sauti ndogo, lakini alisema.

Mwalimu akafuta mdomo. "Mama, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne. Namba nilimaliza la kwanza. Wewe bonyeza F tukuone."

Nikachukua gitaa nikamwekea magotini. Hakubonyeza. Alisema chakula kinapoa. Wazee wawili wakacheka kwenye vikombe vyao. Ndipo Mama Mchungaji akaliinua lile gitaa akamwita Salome.

Salome alikaa kwenye benchi. Ngozi ya vidole ilikuwa imepona, changa, ya waridi. Akalaza kidole cha shahada, akapiga. Kodi ikatoka yote, nyuzi sita, hakuna hata mmoja uliokoroma. Akapiga tena, akasogea shingoni akarudi. Watu wakaacha kula. Mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga, nadhani nimemaliza kazi.

Akasimamisha nyuzi kwa kiganja, akaniangalia.

"Hizi ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na zangu?"

"Kumi na tatu."

"Ulikuwa unajua?"

Pale ningeweza kumtaja Meneja. Ningeweza kutaja katoni tatu na fagio. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Hakulia, hakunitukana. Alimrudishia Mama Mchungaji gitaa, akasema asante mama, mimi nitaimba tu, akaenda kukosha vyombo na wenzake. Mama Mchungaji alimbembeleza siku ile na Jumapili nyingine kadhaa, nikasikia. Hakulishika tena.

Jumatatu nilimwambia Meneja sitauza tena kumi na tatu kwa mtu ambaye hajabonyeza. Akanikumbusha kwamba mimi ni muuzaji, si mwalimu wa muziki. Nikavua aproni. Nikafungua meza yangu sokoni, nyuzi na msasa na gitaa moja la kujaribia, na miaka ishirini na zaidi kila aliyekuja, awe mchungaji, awe mlevi wa ulanzi, alibonyeza F mbele yangu kwanza. Nilifundisha wasichana wengi kujifungia nyuzi wenyewe. Watatu wanapiga kwenye kwaya kubwa hadi leo, na ninajivunia, sioni haya. Nimeacha kazi kwa sababu macho hayasomi tena namba za pakiti.

Wajukuu wananiambia, Bibi, yamepita hayo, Mwalimu yule alishakufa, Meneja alishahama, unakasirika na nani? Nakasirika na muuzaji wa kaunta aliyekuwa anajua. Kwa hiyo ninyi mlioko kaunta leo, akija mtu amenyoosha vidole vilivyopasuka, msimuuzie plasta. Mwambieni alete gitaa, msome namba, mpime kimo, na kama kosa ni lenu mseme siku ileile, kabla hajazoea kusimama mstari wa nyuma.

Salome anaishi Matembwe. Wanasema sauti yake bado nzuri.