Kwao Mama Mreno

Baba yangu alipopanda treni ya kwenda Kasai pamoja na kaka zangu, mimi nilibaki Likasi. Yeye aliletwa huku akiwa kijana kuchimba shaba, na miaka ile watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa mjini. "Twende kwetu," aliniambia. Lakini mimi kwetu ni Kikula, mtaa wa hapa mjini nilikozaliwa, na marehemu mama alikuwa mtu wa hapahapa, kwa hiyo majirani waliniacha nikae. Nilisimama stesheni mpaka behewa la mwisho likapita. Kisha nikaenda kazini, maana sikuwa na pengine pa kwenda.

Nilikuwa nauza katika magazini, duka la mwanamke mzee, Mreno, mjane. Zamani yeye na mumewe waliuza vitambaa, taa na makayabu, samaki mkavu wa chumvi anayenuka mpaka barabarani. Mumewe tulimzika hukuhuku. Siku za uporaji wanajeshi walivunja mlango, na nyuma yao wakaingia wateja wetu wenyewe. Walibeba hata mizani. Tulibakiwa na rafu tupu.

Wareno wenzake waliondoka wote. Siku moja gari lilitumwa kumchukua na yeye. Dereva hakuzima injini. Mama Mreno alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni.

"Nani ananingoja kule?" alimwuliza dereva. "Dada yangu alikufa. Nyumba yetu waliuzisha. Minye nabaki na bwana yangu."

Gari likaenda. Alinigeukia kama mtu aliyesahau kwamba nipo.

"Na weye?"

"Minye pia nabaki, Mama."

Kila asubuhi tulifungua magazini, ingawa tulikuwa na sabuni ya kukata vipande tu, na chumvi ya kupima kwa kikombe. Kiwanda cha shaba kilikuwa kimenyamaza. Kwenye barabara iliyokuwa ikijaa baiskeli za wafanyakazi sasa alipita mtu mmojammoja, akitazama chini. Kukaa bure kunachosha kuliko kazi, ndipo Mama akaanza kunieleza habari za kwao. Alitumia rafu. Ya juu ilikuwa vilima na vijiji vya wakulima. Ya katikati ilikuwa mji wenyewe, na kanisa lake na soko. Ya chini ilikuwa bahari. Alishusha kidole toka juu mpaka chini akasema huo ni mto.

"Bahari inafanya makelele?" niliuliza, maana sijawahi kuiona.

"Muchana na usiku. Wakati nilifika Likasi sikulala. Kimya ilinizidi."

Mvua zilipoanza alishikwa na homa. Hospitalini walitwambia tulete dawa wenyewe, na katika duka la dawa hapakuwa na kitu. Nikahamia chumbani kwake. Siku za mwisho alisahau Kiswahili, akawa ananisemesha kwa lugha yake, naye alingoja nimjibu. Nilijibu "Ndiyo, Mama" kwa kila neno. Alikufa asubuhi nilipokuwa nje nawasha makala kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, ili nimchemshie maji.

Nilidhani nitamzika peke yangu. Lakini watu walikuja: majirani, wamama wa kanisa la maombi na ngoma yao, hata baadhi ya wale niliowaona wakitoka na vitambaa vyetu begani. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mchana, kabla ya kwenda makaburini, mzee wa barabara yetu, fundi mashine aliyestaafu, alisimama akauliza kama desturi ilivyo:

"Nani wa familia? Atuambie marehemu alitoka wapi."

Padri alikuwa mgeni, hakumjua. Nilisubiri mtu mwingine asimame. Hakusimama mtu, nikasimama mimi.

Niliwaambia alizaliwa katika mji mdogo kando ya bahari, mahali mto unapoingia. Mdomo wa mto ule hautulii. Mchanga unausukuma, leo uko huku, mwaka mwingine uko kule, na wavuvi lazima waujifunze upya. Mchanga huohuo ulifunika kanisa la zamani, ndipo watu wakapanda misonobari ili kuuzuia usile mashamba. Mashamba yao wanayatia majani ya baharini kuwa mbolea. Ng'ombe wanavuta mitumbwi kutoka majini. Wanawake wanabeba samaki kichwani mpaka vijiji vya milimani, na wanaume wengine wanakwenda bahari ya mbali yenye barafu, miezi na miezi, kutafuta samaki wa makayabu. Asubuhi za kiangazi ukungu unafunika mji wote, na watu wanaitana kwa sauti bila kuonana.

"Na wanakula nini?" mama mmoja aliuliza. "Hawana bukari, ugali kama wetu?"

"Wana mahindi. Wanasaga unga, wanaoka mukate."

"Ah! Mahindi!" Watu wakacheka kidogo, wakasogea karibu.

Yule fundi aliuliza kama walikuwa na kiwanda. Nilimwambia kulikuwa na kimoja cha kutia samaki kwenye makopo. Mama alifanya kazi humo akiwa msichana, kisha kikafungwa.

"Hata kule," alisema fundi, akakaa.

Tulimzika kando ya mumewe, mvua ikinyesha. Wamama waliimba mpaka mwisho. Nilitaka kulia wakati huo, pamoja nao, lakini kilio kilikuja baadaye nilipokwisha kufunga mlango na wao wamekwenda.

Mwenye jengo alilitaka jengo lake. Nilihamia soko la Kikula na ndoo yangu ya sabuni. Niliongea na wateja mchana kutwa, kisha nikirudi nyumbani nilikaa mpaka kesho yake bila kusikia sauti yangu.

Siku moja mama mmoja aliyekuwa matangani alichuchumaa mbele ya ndoo. Alikuwa amemzika mtoto wake juma lililopita.

"Kule kwa mama yako muzungu," aliniuliza, "makaburi yao wanayaweka wapi? Mchanga hauyafuniki?"

Niliwaza. Nilipita rafu zote tatu kichwani.

"Sijui," nikasema. "Hakuniambia."

Alichagua kipande cha sabuni, akakifunga kwenye ncha ya kitenge, akaenda zake.