Maharagi Yanapokwama

Baba alikufa kwa homa kule kwetu Kalembe, nami nikiwa Goma, ninafundisha hesabu katika chuo kimoja kidogo huku nikiandika tese, yaani tasnifu yangu ya udaktari. Kaka yangu mkubwa alinipigia simu asubuhi. Nilirudi darasani, nikamaliza somo, nikafuta ubao, ndipo nikaenda kutafuta pikipiki.

Kwenye kizuizi cha mji wa Sake tulisimamishwa, mimi na mwenye pikipiki, tukangoja. Mbele zaidi njia ilikuwa imefungwa, tukalala kwa watu wasiotujua, wakatupa viazi. Nilipofika nyumbani, baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Shangazi alinipokea njiani kwa kilio, akanikumbatia, akanitikisa. Nilifungua kinywa nilie naye, hakikutoka kitu. Nikamwambia, "Pole, shangazi," kama mtu aliyekuja kumpa pole jirani.

Kwenye msiba kila mwanamke hupewa kazi. Mimi nilipewa kushika gunia wakati mke wa kaka akimimina ndani yake maharagi yaliyoletwa na majirani. Alitumia bidoni kuukuu, dumu la maji lililokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini. Maharagi yalishuka vizuri, halafu ghafla yakasimama, na bidoni bado imejaa. Akaipiga kwa kiganja, yakashuka tena.

"Haya maharagi iko na kichwa nguvu," alisema.

"Imejenga daraja," nilimjibu.

"Daraja gani?"

"Pale kwa tundu. Tatu ao ine zinaegemeana, njo zinabeba yote ya juu."

Alichungulia. "Ni hii njo unasomaka kule Goma?"

"Njo hii," nilikubali.

Alicheka, kisha akakumbuka tulipo, akafunika mdomo.

Lakini ilikuwa kweli. Wanafizikia na wanahisabati wa nchi nyingi wanabishana juu ya jambo hilo. Punje zinapopita kwenye tundu, ziwe za mchanga, za mahindi au vidonge vya dawa, je, kuna ukubwa wa tundu ambao ukiuvuka hazitakwama kamwe? Wengine wanasema upo. Wengine, nami nimo, tunasema haupo: ukipanua tundu unarefusha tu muda wa kungoja, na muda huo hurefuka upesi mno hata mtu akadhani ni milele. Nilikuwa nimeandika makala kuthibitisha upande wetu, kwa punje za mviringo tu, nikaituma kwa jarida moja la nje.

Kesho yake nilipanda kilimani kutafuta rezo, mtandao wa simu. Nikakuta ujumbe wa promoteri wangu, profesa anayesimamia tese: "Pole sana kwa msiba. Wasomaji waliopewa na jarida kukagua makala yako wamejibu. Wanauliza, na punje zisizo mviringo je? Lakini usiharakishe, uomboleze kwanza."

Nilishuka, nikaketi nyuma ya jiko, nikaanza. Punje ya mviringo ukiigeuza ni ileile. Haragi lina upande: likilala kukingama tundu ni jambo moja, likisimama ni jambo lingine. Kwa hiyo kila haragi liliniletea pembe yake ndani ya milinganyo, na milinganyo ikavimba. Ilinifaa, kwa kuwa ilitaka kichwa tu.

Kaka alinikuta hapo. "Papa iko mu udongo, wewe unahesabia maharagi?"

"Ndiyo, kaka."

"Haulie hata kidogo. Watu wanakuangalia."

"Ninaona vile wananiangalia."

Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Nilimwonea wivu, kama mgonjwa wa tumbo anavyomwonea wivu mwenzake aliyekwisha kutapika.

Kabla kilio hakijaisha, mama alichukua jembe akaelekea shambani. Wazee wa ukoo wakamwita arudi. Baba mdogo ndiye aliyesema kwa niaba yao: "Mama, mujane haendake ku shamba hivi. Watu watasema nini?"

Mama alibaki amesimama, jembe begani. "Majani haina habari ya kilio," alisema. Akaninyoshea kidole. "Huyu anahesabu, mimi nalima. Mutuache."

Wazee walitazamana. Kisha kaka akainuka, akachukua jembe la pili, akamfuata. Mimi nikarudi nyuma ya jiko.

Uthibitisho ulikubali kwa sehemu. Maharagi yakimiminika kwa muda, mengi hujipanga kuelekea chini, na yakijipanga hivyo hoja yangu inasimama: yatakwama tu, ingawa baadaye. Yasipojipanga, sijui. Niliandika hivyo wazi, nikatuma niliporudi Goma.

Jibu lilinikuta sokoni Sake, miezi imepita, ninachagua vitunguu. Makala imekubaliwa. Nilisoma mara mbili, nikarudisha simu mfukoni, nikamuuliza mama muuzaji kama ana vitunguu vikubwa kidogo. Nilingoja furaha kama nilivyongoja machozi. Mama yule alinipimia, akaniongezea kimoja, nikashukuru.

Njia ilipofunguka nilikwenda Kalembe. Mvua ilitukuta mchana, mama na mimi, tumekaa kwenye mkeka, bati likivuma juu yetu. Nikamwambia.

"Walikubali?"

"Walikubali, mama."

"Basi unielezee, kutoka mwanzo. Papa yako alikuwaka ananiuliza, mutoto anasoma nini hata haimalizike. Mimi sikukuwa na jibu."

Sikulijua hilo. Baba hakuwahi kuniuliza mimi. Nikaanza kueleza: punje, tundu, daraja. Mama aliuliza kama mtama nao unakwama, nikasema ndiyo, akatikisa kichwa. Nilipofika kwenye pembe za maharagi, kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukuta na mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa amelala. Nikaendelea kwa sauti ya chini mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu ambayo sijui jibu lake.