Mkono Usioweza Kupokea Isale

Siku baba mdogo alipoleta isale, nilivua kifaa kinachoshikilia kiganja changu nikakificha chini ya mto. Nilitaka auone mkono ulivyo.

Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, huku Machame. Mtu aliyekukosea akilipiga fundo akakuletea mbele ya ndugu, unapokea. Huwezi kumkatalia. Nami nakiri kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nikilala nikipanga namna ya kumkatalia.

Niliteleza kwenye mteremko wa kihamba nikiwa na majani ya ng'ombe kichwani, nikaangukia mkono wa kulia, mfupa wa juu ukavunjika. Niliumia sana, lakini vidole vilikuwa vinafanya kazi. Nilimnyooshea mama dole gumba ili asilie. Baba mdogo, ambaye huitwa kila mtu akivunjika, akakataza nisiteremshwe hospitali Moshi. Alipasua mianzi, akaizungushia magome ya mgomba, akakaza kwa goti, vile vile anavyokaza mzigo wa majani.

"Baba mdogo, vidole vinakufa ganzi."

"Ganzi ndiyo dawa yenyewe. Wewe na keki zako, umezoea vitu laini!"

Waliokuwepo wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Siku chache baadaye mama aliponifikisha Moshi, kiganja kilikuwa kinaning'inia kama jani lililonyauka.

Kupamba keki nilijifundisha mwenyewe, kwa video za simu. Ua likipinda kidogo nilikuwa nalikwangua na kuanza upya, hata kama bibi harusi asingeliona. Sasa hata kuubana mfuko wa krimu sikuweza. Nilimuuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja asiye na maneno mengi, kwa nini.

"Mshipa wa fahamu unaoitwa radiali unazunguka nyuma ya mfupa huu," alisema, akipitisha kidole juu ya kiwiko changu. "Ukiumia, amri ya kuinua kiganja na kunyoosha vidole haifiki."

"Lakini mimi hata kukamata siwezi."

"Misuli ya kukamata ni mizima. Kiganja kikilala tu, inakosa nguvu. Tazama." Akakiinua kiganja changu, na vidole vikaibana kalamu yake.

Akaniambia mfupa uliovunjika nao unaweza kuumiza mshipa huo. Kisha akauliza kama dole gumba lilinyooka kabla sijafungwa. Nikamweleza.

"Basi mshipa uliumia baada ya hapo. Utarudi, ila taratibu, kama kucha inavyoota."

Nilishika yale ya mwanzo tu. Baada ya hapo. Huku baba mdogo, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, alikuwa anawaambia watu kwamba mimi ni mvivu wa mazoezi.

Basi akaja, na ndugu wakajaa sebuleni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kama kuna mahali nimekukwaza, pokea."

Kama kuna mahali! Nikanyoosha mkono. Kiganja kikaning'inia, jani likateleza likaanguka sakafuni. Akainama kuliokota. Likaanguka tena. Akainama tena, safari hii ameshika kiuno. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia keki yoyote.

"Pokea na wa kushoto basi," mama alininong'oneza.

"Wa kushoto hakuukosea, mama."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akakishika kiganja changu kwa chini, akakiinua, akaweka jani. Vidole vyangu vikalikamata. Nilivichukia vidole hivyo. Vilikuwa vimepokea kabla yangu.

Akataka kuachia.

"Usiachie, baba mdogo. Ukiachia litaanguka, na nitakuwa sijapokea. Waambie kwanza dole gumba langu lilikufa lini."

Akawatazama ndugu. Akamtazama mama. Mkono wake ulianza kuchoka chini ya wangu, nami nikauacha uchoke. Chakula kilikuwa mezani, kinapoa.

"Lilikuwa zima," alisema mwishowe. "Nilikaza mno. Aliniambia ganzi, nikamcheka."

"Na atakayevunjika kesho?"

"Ateremshwe hospitali."

Mama akapumua. Mtu akaanza kupakua chakula. Baba mdogo akaniuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaweza kuachia.

"Bado," nikamwambia.